Mnaosema "wenzetu Wamarekani refa hakosei" njooni hapa, NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani) wamenichosha

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekuta povu avumilie. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la vichekesho kama mlivyoufanya ule wangu wa mwanzo.

Kila dabi ya Kariakoo ikiisha lazima humu ndani aibuke mtaalamu mmoja: "Marefa wetu bure kabisa, angalieni Wamarekani, kamera kila kona, kosa halipiti." Juzi kaibuka mwingine, ukurasa mzima ukampigia makofi. Mkuu, hao Wamarekani unaowasifia mimi nimekesha nao miaka. Nilisoma Baton Rouge, Louisiana, na ukiishi kule msimu mmoja tu unageuka shabiki wa New Orleans Saints utake usitake. Sasa shabiki wa Saints umsimulie habari za refa asiyekosea? Bora ungenitukana.

Kwa wasioujua mchezo, kwa kifupi. Uwanjani kuna waamuzi saba. Mkubwa wao kofia nyeupe, wengine nyeusi. Wakiona kosa wanarusha kitambaa cha njano. Kocha asiporidhika anarusha chake chekundu, mchezo unasimama, picha zinarudiwa, na huko New York kuna chumba kizima cha watu wamekaa mbele ya skrini kazi yao ni hiyo tu. Ukielezwa hivyo unasema basi, hapa haki haipotei hata kwa bahati mbaya.

Subiri.

Tarehe 20 Januari 2019. Nilikuwa nimesharudi Dar, naishi kwa dada Tabata. Mechi imeanza saa tano usiku kwa saa zetu, sauti nimeipunguza watoto wasiamke. Fainali ya kanda ya NFC, Saints wako nyumbani, Superdome, dhidi ya Los Angeles Rams. Atakayeshinda anakwenda Super Bowl, fainali ya ligi nzima, Atlanta. Matokeo 20-20, imebaki dakika moja na sekunde 49, Saints wako yadi 13 tu wafike. Drew Brees, mrushaji wa Saints, anamrushia mwenzake Tommylee Lewis pembeni. Mpira uko hewani, haujafika hata. Beki wa Rams, Nickell Robey-Coleman, anakuja mbio, mpira wenyewe hautazami, anamzoa yule kijana kama bodaboda iliyokatika breki. Kofia kwa kofia. Lewis chini.

Kitambaa? Hakuna. Refa anapunga mikono: pasi haikukamilika, tuendelee.

Hapo kulikuwa na makosa mawili kwa mpigo, kumvamia mpokeaji kabla mpira haujafika na kumgonga kichwani. Lolote kati ya hayo lingewapa Saints majaribio mapya (timu inapewa manne kusogea yadi kumi). Wangeukalia mpira, saa inakatika taratibu, sekunde za mwisho wanapiga mkwaju mfupi wa pointi tatu, watu wanapanga safari ya Atlanta. Badala yake wakaupiga mkwaju huo mapema, 23-20, Rams wakabakiwa na muda wa kutosha. Mpiga mikwaju wao, Greg Zuerlein, akasawazisha kwa mkwaju wa yadi 48, na kwenye muda wa nyongeza akamaliza kwa wa yadi 57. 26-23. Dada alipoamka kuswali alfajiri alinikuta nimekaa palepale na rimoti mkononi, akauliza nani kafariki.

Sasa sikilizeni kilichonitia kichaa, maana kumbe lile kosa lilikuwa utangulizi tu. Marudio yalionyeshwa. Uwanja mzima uliona, Marekani nzima iliona, na mimi Tabata kwa bando la kuungaunga niliona. Kocha Sean Payton alikuwa na kitambaa chake chekundu, lakini kanuni ilikuwa haimruhusu kupinga kosa la namna ile. Na chumba chote kile cha New York, pamoja na skrini zake zote, kilikuwa hakiruhusiwi kuingilia. Watu pekee duniani ambao kuona kwao kulihesabika ni wale wachache wa pale pembeni ambao hawakuona.

Baada ya mechi Payton akawaambia waandishi kwamba ameshaongea na wakubwa wa waamuzi kwa simu na wamekiri walikosea. Robey-Coleman mwenyewe akaoneshwa picha akakubali kwamba alimfikia mtu kabla ya mpira. Siku chache baadaye ligi ikampiga faini ya dola 26,741 kwa kugonga kichwa. Yaani uwanjani kosa halikuwepo, benki likawepo. Kamishna Roger Goodell yeye alikuja kusema hadharani siku kumi baadaye kwamba naam, lile lilistahili kitambaa. Asante sana baba. Mashabiki walifungua hata kesi Louisiana, ikaishia kutupwa na mahakama ya juu ya jimbo. Siku ya Super Bowl yenyewe New Orleans waliingia barabarani kucheza ngoma zao kana kwamba mechi haipo, na gazeti la mji kesho yake likatoka ukurasa wa mbele karibu mtupu. Hapo niliwapenda watu wale upya.

Nieleweke. Sina ugomvi na jicho la binadamu. Mchezo una watu 22 wenye miili ya makontena wanaparamiana kwa sekunde nne, ukikosa kitu sikulaumu. Mwaka 2008 Ed Hochuli, ambaye kazi yake ya wiki ilikuwa uwakili, alipuliza filimbi kimakosa na San Diego Chargers wakafungwa na Denver 39-38. Yule mzee akaketi akawajibu mashabiki waliomwandikia barua pepe, akikiri kwamba amekosea. Huyo namheshimu mpaka leo. Ugomvi wangu ni na ligi inayoamua lini ione na lini isione, ikiwa na picha mkononi.

Maana walijaribu, si kwamba hawakujaribu. Baada ya aibu ile wenye timu wakapiga kura 31 kwa 1, msimu wa 2019 kosa lile likaruhusiwa kupingwa kwa picha. Mkadhani mambo yamekwisha? Makocha wakawa wanarusha vitambaa vyekundu, picha zinaonyesha mtu kavutwa jezi mpaka bega liko nje, jibu linatoka New York: uamuzi unabaki. Wiki baada ya wiki. Mpaka makocha wakaona kheri kubaki na vitambaa vyao mfukoni. Msimu ukaisha, kanuni ikazikwa, wakasema imeshindikana. Ukimpa mtu ufunguo akakataa kuugeuza, kesho akakwambia kitasa kibovu, utamwelewaje?

Na hiyo teknolojia mnayoiimba humu. Desemba 2017, Dallas dhidi ya Oakland, kupima kama mpira umefika zile yadi kumi. Mnyororo wa kupimia umevutwa, nguzo imesimamishwa, haieleweki. Refa Gene Steratore akatoa kipande cha karatasi, akakikunja, akakichomeka kati ya mpira na nguzo. Karatasi! Akasema imefika. Dallas wakaendelea, wakashinda 20-17. Fundi wa Keko akikupimia mlango hivyo hulipi.

Halafu Januari 2025, fainali ya kanda ya AFC, Kansas City Chiefs na Buffalo Bills. Bills wanaongoza 22-21 robo ya nne, jaribio la nne, wanahitaji yadi moja. Josh Allen, mrushaji wa Bills, anajisukuma katikati ya msitu wa watu. Mwamuzi wa upande huu anakuja mbio anaonyesha kafika, wa upande wa pili anakuja mbio anaonyesha hajafika. Wakafuata wa hajafika. Picha zikaangaliwa, uamuzi ukabaki, kwa sababu mpira hauonekani chini ya nyama yote ile. Chiefs wakashinda 32-29. Ni kweli mechi ilikuwa na mengine mengi na sisemi Bills wangeshinda, lakini niambie, uamuzi ule ulitoka wapi kama si hewani?

Msimu uliofuata wakaja kwa mbwembwe: sasa tunatumia kamera za Hawk-Eye, zile za tenisi, mnyororo unabaki wa akiba. Nikashangilia, wallahi. Kusoma vizuri nikakuta kamera zinapima umbali kuanzia pale mpira ulipowekwa. Nani anauweka? Mzee yuleyule, anakuja mbio kutoka pembeni, anakanyaga kwa mguu, "hapa." Ni sawa na fundi anayepima ukuta kwa leza ilhali pa kuanzia kupima kakisia.

Mtasema hela hakuna. Mwaka 2010 Goodell aliwapa wenye timu lengo la mapato ya dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2027. Bilioni, mkuu. Na marefa wengi wana kazi zao nyingine katikati ya wiki. Mwaka 2017 walianza kuajiri baadhi yao moja kwa moja, 2019 mpango ukaachwa. Na 2012 ligi iliwafungia nje marefa wake wote kwa ugomvi wa pensheni na mishahara, ikaokota wa ngazi za chini. Mkitaka kucheka tafuteni mechi ya Seattle na Green Bay ya Septemba 24 mwaka huo: pasi ya mwisho kabisa, waamuzi wawili wamesimama juu ya rundo lilelile la watu, mmoja kainua mikono kuashiria tachidauni (bao lao kubwa), mwenzake anapunga kwamba saa isimame. Seattle 14-12. Siku mbili baadaye pensheni ikapata ufumbuzi. Marefa wa kweli waliporudi, kule Baltimore walipigiwa makofi uwanja mzima umesimama. Marefa! Wanashangiliwa!

Na ukilalamika unalipa. Desemba 2023 Chiefs walifutiwa tachidauni dhidi ya Bills kwa sababu Kadarius Toney alikuwa ameotea. Aliotea kweli, hapo refa alikuwa sahihi na mimi nasema. Patrick Mahomes akafoka, dola 50,000. Kocha Andy Reid akafoka, 100,000. Bei ya kufoka inajulikana mpaka senti.

Sasa ongeza mikeka. Tangu mahakama ya juu ya Marekani ifungue mlango wa kubeti mwaka 2018, ligi iliyokuwa inapiga vita kubeti miaka yote ina washirika rasmi wa kubeti. Sisemi mechi zinapangwa, sina ushahidi na atakayeleta habari hizo humu alete na picha. Lakini mtu mkeka wake ukichanwa na kitambaa ambacho hakikurushwa, unategemea aamini nini?

NAONGEZA: Nimeona mmoja hapo chini anauliza kama unaumia hivyo kwa nini unaangalia. Mkuu, wewe timu yako ya Kariakoo umeiacha lini? Jumapili saa tatu usiku Saints wanacheza, nitakuwepo. Dada kasema rimoti ataniachia ila mlango wa sebule nifunge.