Naombeni ushauri: BOINC yasoma GTX 1050 Ti lakini kazi zote zinakufa

Kijana_Kisauni: Asalaam aleykum wadau. Nimenunua kompyuta ya mtumba hapa mjini, nikaweka BOINC, ile programu ya kuazimisha sayansi nguvu za kompyuta, niwachangie mradi wa Einstein@Home kutafuta zile nyota za pulsar usiku nikilala. Jina la kadi ya picha yasoma GTX 1050 Ti giga nne, sasa kila kazi ya kadi inakufa na kosa (error) hata haijapasha moto, za prosesa zaenda sawa tu. BOINC inajuaje modeli, yaweza kukosea?

MamaBondeni: Tokeni zilivyo bei wewe wawasha stima usiku kucha kutafuta nyota? Toka nje uangalie juu, bure.

MzeeWaSaiba: Mwanangu umenikumbusha mbali. Mimi nlikuwa SETI@home, ule mradi wa kutafuta viumbe wa angani, ilipoanza 1999, wateja wakilalamika mashini nzito kumbe nasikiliza mbinguni 😂 Machi 2020 wakaacha kugawa kazi, na hao viumbe hata salamu hawakutuma.

FundiLikoni: Wazee tumjibu kijana. BOINC haifungui kadi ikaitazama, yauliza draiva, programu inayoiendesha kadi, na draiva yaamini kitambulisho kilicho kwa BIOS ya kadi, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ambayo mtu aweza kuiandika upya. Prosesa si rahisi hivyo, familia, modeli na stepping (toleo la chipu) zasomwa kwa chipu yenyewe. Fungua logi ya BOINC, mistari ya juu kabisa, namba ya compute capability (kiwango cha chipu ya kadi, si toleo la CUDA) mbele ya jina la kadi ni ngapi? Na hiyo kadi ina tundu la bluu la VGA?

Kijana_Kisauni: VGA iko, ndiyo natumia. Namba ni 2.1. Lakini muuzaji aliniwashia gemu ikacheza vizuri tu.

FundiLikoni: 1050 Ti ni 6.1, na haitoi VGA kabisa. Hiyo 2.1 ni Fermi, kizazi cha zamani cha kadi za NVIDIA, nashuku GTX 550 Ti ya 2011, kori 192 badala ya 768. Weka GPU-Z, programu ya kukagua kadi, toleo la mwisho wa 2018 kwenda mbele likiinasa latia neno FAKE kabla ya jina. Halafu mrudishie mwenyewe. Ama kuna kitu hujatwambia?

Kijana_Kisauni: Muuzaji hashiki simu. Sawa, kuna jamaa wa Changamwe ashanitumia dipoziti kwa M-Pesa, aja kuichukua leo. Lakini sijasema uongo, tangazo nimeandika vile mashini yenyewe yasoma, na bei nimempunguzia.

Ustadh_wa_Mtandao: Kuuza kitu chenye kasoro ukaificha ni haramu, punguza bei upendavyo. Shemeji yangu aliuziwa friji hivi hivi, hadi leo aweka nguo.

Kijana_Kisauni: Mimi nilipouziwa mbona hamkunionea huruma?

Mjuaji_Nyali: Ngojeni, hii imepikwa. Draiva za Fermi ziliishia toleo la 391.35, 2018, na huyu kwa uzi mwengine alijisifu kaweka draiva mpya kabisa, ambayo Fermi haiikubali. Mimi naona ndiye muuzaji, ajaribu kama tutagundua.

Kijana_Kisauni: Niliiweka skrini ikawa nyeusi, nikarudisha ile ya kwa flashi ya muuzaji.

MamaBondeni: Muuzaji akupa kadi na draiva yake kwa flashi, nawe ukaona ni ukarimu?

Mjuaji_Nyali: Weka picha ya logi basi.

Kijana_Kisauni: Ntaweka. Jamaa apiga simu, ashafika Makupa.

FundiLikoni: Mwonyeshe hiyo 2.1 kabla hajatoa pesa. Na flashi usimpe.