Tupeane uzoefu: ulichaguaje toleo la lugha ya programu, na kompyuta zako za mwanzo zilikufunza nini?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimekabidhiwa mfumo ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python, toleo la 2.7, nami natakiwa kutoa uamuzi: tuuache ulivyo au tuuhamishie kwenye toleo la 3. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na la 2.7 lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo kwa kalenda peke yake jibu liko wazi. Kinachonitia hofu ni maelfu ya mistari inayofanya kazi leo bila mtu kulalamika. Jana usiku niligawanya 5 kwa 2: toleo la zamani likanipa 2, jipya likanipa 2.5, na yote mawili hayakutoa onyo lolote. Wakongwe wa kazi hii, naomba mtusimulie mlivyoamua enzi zenu. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, mimi nilianzia kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, na suala la kuchagua toleo halikuwepo kabisa, kwa sababu lugha yake, BASIC, ilikuwa imechomwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiiwasha, kioo cha buluu kinakuandikia kwamba zimebaki baiti 38911, na hizo ndizo zako zote. Programu tuliihifadhi kwenye kaseti. Ukiisoma tena, kioo kinakuwa kitupu kwa dakika kadhaa, nawe unakaa unausikiliza mkanda ukizunguka. Mashine ilipokufa, kila nilichokiandika kilikufa nayo. Tangu hapo, kabla sijauliza toleo gani ni zuri, nauliza kwanza ni lipi litakalokubali kuhamishwa.

Mchangiaji wa pili
Naunga mkono, ila kisa changu kilinifundisha zaidi. Niliandika programu ya kutunza hesabu kwa Turbo Pascal, toleo mojawapo la lugha ya Pascal, nikaikabidhi kwa wenyewe, ikafanya kazi miaka mingi. Siku waliponunua kompyuta mpya yenye kasi, programu ilikataa hata kufunguka: ikaandika hitilafu namba 200, kugawanya kwa sifuri, ikafunga. Niliupekua msimbo wangu mstari kwa mstari na sikuona mahali popote palipogawanywa kwa sifuri.

Kosa halikuwa kwangu. Maktaba ya Crt, yaani msimbo uliokwisha andikwa ambao programu yangu iliuazima, kila programu inapoanza, ilikuwa inapima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko katika muda wa milisekunde 55, kisha inaigawanya hesabu hiyo kwa 55. Kwenye prosesa za kasi ya takriban megahezi 200 na kuendelea, jibu lilikuwa kubwa mno kuenea katika biti 16, na prosesa huitangaza hali hiyo kwa ishara ileile ya kugawanya kwa sifuri. Dawa ilikuwa kurekebisha maktaba na kuipitisha programu upya kwenye kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa faili la kuendeshea. Bahati njema msimbo chanzo nilikuwa nao kwenye flopi, pamoja na kompaila yenyewe. Kama ningekuwa na faili la kuendeshea tu, ningeanza kuandika upya kazi ya miaka. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha mada, kauli ya kwamba mfumo unafanya kazi ina maana kwa mashine ya leo tu.

Mchangiaji wa tatu
Niongeze kidogo. Si kila lugha huvunja ya zamani. Nina msimbo wa Fortran 77, ule wa kuandika kuanzia safu ya 7 hadi ya 72, na kompaila za sasa bado zinaukubali. Huo sijauhamisha, wala sioni sababu ya kuuhamisha.

Mchangiaji wa nne
Fortran ilibeba ya kale. Python 3 iliamua kwa makusudi kutoyabeba, kwa hiyo hapa kuhama ni lazima. Nilihamisha mfumo wa namna hiyo, nami nashauri uandike majaribio ukiwa bado ndani ya 2.7, ili uwe na majibu ya kulinganishia. Kila penye mgawanyo wa namba nzima weka `//`, ambayo matoleo yote mawili yanaielewa vilevile. Halafu kaa na maandishi: toleo la 2 lilichanganya herufi na baiti, na hapo ndipo nilipopoteza wiki nzima kwa sababu ya majina yenye herufi zenye alama. Ama kuhusu toleo la 3 lipi, kila moja huhudumiwa takriban miaka mitano. Usikimbilie lililotoka juzi, chukua jipya zaidi ambalo maktaba zako zote zimekwisha kulikubali.

Mwanzisha mada
Nawashukuru sana wakuu. Nimezihesabu alama za kugawanya katika mfumo mzima, ziko 213, na 9 kati yake zinatafuta nafasi ya katikati ya orodha, ambapo toleo la 3 litakataa papo hapo kwa kuwa nafasi haiwezi kuwa na desimali. Hizo hazinisumbui, maana zitajitangaza zenyewe. Leo naanza kuandika majaribio ya zile 204 zilizobaki.