"Hasi ipuuzeni"! Huyu bwana sasa amezidi

Wakuu, mmeona alichoandika leo? Jina simtaji, hakuna asiyemjua humu. Eti ψ (fomula ya wimbi inayoieleza chembe ndogo kama elektroni kwenye fizikia ya kwanta) ni uwezekano wa kuipata chembe mahali fulani. Akaulizwa kistaarabu kabisa: mbona ψ ya hali ya pili (ngazi ya pili ya nishati) ya elektroni iliyofungiwa kisandukuni iko chini ya sifuri nusu nzima ya kulia? Jibu lake: "Hasi ipuuzeni."

Ipuuzeni! Kwa maneno mawili kaizika fizikia ya karne nzima bila hata matanga.

Chukueni kisanduku cha upana L chenye kuta zisizopenyeka. ψ₂ = √(2/L) sin(2πx/L). Kushoto chanya, kulia hasi, pande zinalingana. Jumlisha eneo lote la mchoro: sifuri. Kwa hesabu yake, elektroni haimo kisandukuni! Haya, tumtii, hasi tuigeuze chanya. Eneo linakuwa 2√(2L)/π. Ukiandika L kwa mita unapata namba moja, kwa nanomita nyingine. Uwezekano gani huo unaobadilika ukibadili rula?

Kinachotakiwa ni |ψ|², yaani ukubwa wa ψ kwa kipeo cha pili. Ile √(2/L) iko pale makusudi, ili jumla ya |ψ|² toka ukuta hadi ukuta iwe 1. Max Born mwenyewe, 1926, aliandika kwanza bila kipeo cha pili, akajirekebisha kwa tanbihi wakati wa kusahihisha prufu. Tanbihi hiyo ndiyo moyo wa kazi iliyompa Nobel 1954. Huyu wetu kaulizwa mchana kweupe, kajibu "hasi ipuuzeni".

Na hasi ndiyo inayofanya kazi! Chukueni jaribio la matundu mawili, chembe zinapita na kuchora mistari ya mwanga na giza ukutani: unajumlisha ψ ya tundu la kwanza na ψ ya tundu la pili kwanza, kipeo cha pili baadaye. Zikiwa na ukubwa sawa na alama moja, unapata mara 4 ya tundu moja. Alama zikipingana, sifuri, giza. Puuza hasi uone kama utabakiwa na mstari hata mmoja wa giza.

Kipeo2: Mleta mada, povu lote hilo na wewe umeishia njiani. |ψ|² nayo si uwezekano, ni uwezekano kwa kila mita. Mpaka uizidishe kwa kipande cha urefu. Hali ya kwanza, theluthi ya katikati ya kisanduku inabeba 0.61, si 0.33. Hiyo ndiyo ungewafundisha watu.

Mleta mada: Sijaipinga hiyo. Mimi nimekwama kwenye "hasi ipuuzeni". Mtu mzima!

AwamuTupu: Wote mnapiga kelele nusunusu. ψ ni namba changamano, yaani kama mshale wenye urefu na pembe; pembe hiyo ndiyo awamu, na hasi ni awamu moja tu kati ya nyingi. Zidisha ψ nzima kwa −1, hakuna kipimo kitakachobadilika. Chenye maana ni tofauti ya awamu. Elektroni kwenye kisanduku cha nm 1 (nanomita): nishati ya kwanza eV 0.376 (elektronivolti, kipimo cha nishati), ya pili eV 1.504. Changanya hali hizo mbili sawa kwa sawa, |ψ|² inayumba kushoto na kulia mara 2.7×10¹⁴ kwa sekunde. Weka hasi mbele ya ψ₂ pekee, inaanzia upande wa pili.

Kigunduzi: Afadhali huyo wa hasi. Kuna wale wa "ψ huporomoka mtu akitazama", yaani wimbi lililosambaa hubaki mahali pamoja ghafla. Mtu wa nini? Fotoni moja ikigonga chembe pale tunduni na kuondoka na habari ya njia iliyopita, mistari imekufa, hata chumba kikiwa kitupu.

Mleta mada: Mkuu huo ni uzi mwingine. Turudi kwenye hasi.

Radiasi: Hakuna cha kurudi. Kero kubwa ni hidrojeni. Huyu anasema elektroni hupatikana zaidi kwenye kiini, yule anasema umbali wa nm 0.053, wanatukanana wiki nzima. Maswali mawili tofauti! |ψ|² kwa kila ujazo ni kubwa zaidi kiinini. Ukiuliza umbali, zidisha kwa 4πr², kilele kinahamia nm 0.053.

Kipeo2: Na wastani wa umbali ni nm 0.079. Hiyo nayo wanaichanganya na kilele.

Radiasi: Kila siku! Mkia wa nje ni mrefu, ndiyo unaouvuta wastani. Wachore 4πr²|ψ|² waone.