Baba wa bima ya afya Kanada: Tommy Douglas au Woodrow Lloyd?

Wanajamvi, nina jambo kuhusu Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano huko Kanada. Tommy Douglas aliliongoza kama waziri mkuu wa jimbo kuanzia 1944 hadi 1961, na mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya CBC walimchagua kuwa Mkanada mkuu kuliko wote, zaidi kwa ajili ya bima ya afya. Mimi nasema mzigo ule waliubeba wawili, na upande mzito ulimwangukia Woodrow Lloyd.

Simdharau Douglas hata kidogo. Utotoni, huko Winnipeg, aliugua mfupa wa mguu, kwao hawana hela, na ilibaki kidogo mguu ukatwe. Ulipona kwa sababu daktari bingwa mmoja alikubali kumtibu bure ili wanafunzi wake wapate kutazama. Alikua akijua kuwa mguu wake aliupata kwa bahati tu, na hakuisahau. Mwaka 1947 jimbo lake likaanza kulipia wananchi gharama za kulazwa hospitali. Mwaka 1960 akaingia kwenye uchaguzi akiahidi kulipia na kumwona daktari, akashinda.

Ila tazameni tarehe. Novemba 1961 Douglas aliondoka kwenda kuongoza chama kipya cha NDP ngazi ya taifa. Kiti akakikalia Lloyd, aliyekuwa mwalimu, na mwezi huohuo sheria ikapita. Ilipoanza kazi tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi wa jimbo walifunga kliniki zao kuipinga. Siku 23! Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama aliye shambani, mtoto anachemka homa, na daktari wa mji wa karibu hayupo. Hasira za mama huyo zinamwendea nani, kama si serikali?

Tarehe 11 maelfu waliandamana hadi bungeni Regina, mji mkuu wa jimbo. Kiongozi wa upinzani, Ross Thatcher, alipigwa picha akiupiga teke mlango wa ukumbi uliofungwa. Lloyd hakuifuta sheria. Madaktari waliletwa kutoka Uingereza, na Lord Taylor, daktari na mwanasiasa wa huko, akasuluhisha. Tarehe 23 serikali na madaktari wakatia saini makubaliano mjini Saskatoon. Kweli Lloyd alilegeza: madaktari walibaki kujitegemea na kulipwa kwa kila huduma. Lakini bima ya wote, inayolipwa na serikali, ilibaki.

Najua jibu la wengi: bila ushindi wa Douglas wa 1960, Lloyd angetetea nini? Ni hoja nzito, naikubali. Lakini ahadi ya uchaguzi ni rahisi kuizika mgomo ukifika wiki ya pili, na Lloyd hakuizika. Aprili 1964 alishindwa uchaguzi na Thatcher huyohuyo, na Thatcher hakuthubutu kuiondoa bima. Lloyd alipofariki mwaka 1972, ilikuwa imeshafika majimbo yote 10.

Sasa mlio upande wa Douglas, nijibuni hili. Juni 1962 aligombea ubunge wa taifa hapohapo Regina, hasira za bima zikiwa juu, akaangushwa. Angekuwa bado waziri mkuu wa jimbo Julai ile, mnaamini angevumilia siku zote 23 bila kuirudisha sheria nyuma? Leteni hoja.