Wauza trela za kulala mnatuona mazuzu? Naomba ngazi mnanipeleka kwenye sofa!

Wakuu nimechoka na hawa wauza karavani, nimechoka kabisa. Kila shorumu unayoingia mambo ni yaleyale, hujakanyaga hata ngazi ya mlangoni jamaa ameshawasha taa zote za urembo, anakuonyesha tivii, sijui sofa inageuka kitanda, sijui spika za nje, ukimwambia kaka naomba nione paa anakukodolea macho kama umemtukana. Sasa kitu cha kuvutwa barabarani, kinatikiswa kutwa nzima, mvua yake jua lake, hiyo tivii itanisaidia nini maji yakianza kuingia?

Paa ndo roho ya trela jamani. Nyingi zimefunikwa kwa utando wa mpira au plastiki (wanauita EPDM au TPO), na kila palipotobolewa, iwe feni, bomba la hewa au antena, panazibwa kwa gamu, na hapo hapo ndo maji yanapopita. Kuna moja nilibishana nao mpaka ngazi ikaletwa, nikapanda. Trela mpya, haijawahi kulala mtu. Gamu ya kuzunguka feni ya bafuni upande mmoja imerundikwa kama uji uliomwagika, upande wa pili kichwa cha skrubu kiko wazi kinang'aa, hakijaguswa na kitu. Namwita muuzaji aone, ananijibu "hiyo ni kawaida bosi, tutaongezea". Kawaida ya nani? Na mngeongezea lini kama nisingepanda?

Halafu kuta. Zile za faibaglasi zinazong'aa zimegandishwa kwa gundi juu ya plaiwudi nyembamba na foma, maji yakishafika humo gundi inaachia, ukuta unavimba. Simama kwenye kona, weka jicho usawa wa ukuta, mwanga ukipita upande upande utaona uvimbe wote, na ukiuona hata wa kiganja ondoka, kutengeneza ukuta wa hivyo ni hela ndefu. Zile za bati la alumini lenye mikunjo na fremu ya mbao wanakwambia hazivimbi, ni kweli, ila mbao inaoza kimya kimya huku nje pako safi! Ndo maana lazima ubonyeze kwa dole gumba, chini ya madirisha, kwenye kona za ndani ya makabati, sakafu ya mlangoni na pembeni ya choo. Pakibonyea hakuna cha kujadili, na ukisikia harufu ya ukungu imefunikwa na pafyumu ujue kuna kitu wanaficha.

Chomoa droo moja uchungulie na tochi. Utakuta pini za stepla zimepigwa pembeni zikakosa mbao, ncha zimetokea upande wa pili, na vumbi la msumeno limeachwa humo humo. Na usikubali kufungwa mdomo na ile stika ya RVIA, chama cha watengenezaji wa magari na trela za kulala, kwenye trela za Marekani, inahusu mambo ya usalama, umeme, gesi, mabomba, moto. Haisemi kama kabati litabaki ukutani.

Siwalaumu mafundi. Trela nyingi za Marekani zinatoka Elkhart, Indiana na maeneo ya jirani, na huko wafanyakazi wengi wanalipwa kwa idadi wanayomaliza, kwa hiyo mtu anakimbizana na mstari wa kiwandani, atarudia saa ngapi skrubu iliyokosa? Waliopanga hivyo ndo nawasema, na wauzaji wanaopokea mzigo bila kuukagua wakatusukumia sisi. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa bei hiyo, hapana.

Matairi nayo angalia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma na stika ya uzito wa mizigo, maji ya lita 150 ni kilo 150, ukikuta trela la familia nzima linabaki na kilo chache tu baada ya kujaza tangi, huyo aliyelichora alitaka usafiri na nguo ulizovaa.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni hiki. Kuna kipimo cha kusukuma hewa ndani kwa feni, nje unamwagia maji ya sabuni, penye upenyo povu linatoka. Kipo, wanacho, na hawakatai kwamba wanacho. Naomba kifanywe kabla sijalipa naambiwa "hiyo ni huduma ya baada ya kununua". Yaani nilipe kwanza ndo niambiwe panavuja wapi! Nimewaambia hela haitoki mpaka wamwagie hayo maji ya sabuni nikiwa nimesimama pale pale naangalia, wakasema watanipigia, mpaka leo kimya.