Spika za nyuma zinanyamaza nikibadilisha modi: ni mbovu au ndivyo zilivyo?

sebule_ya_tanga
Habari za jioni wakuu. Nina risiva ya Yamaha ya 5.1 (ya sauti, sio king'amuzi) niliyonunua mtumba mwezi uliopita, pamoja na spika tano na sabufa. Naishi na baba, ana miaka 74 na sikio lake la kulia limefifia. Anachopenda ni kuangalia filamu jioni na wajukuu, na mimi nilinunua huu mzigo ili apate kusikia maneno. Sasa ndiyo kwanza hasikii. Kila baada ya dakika tano: "Amesema nini huyo?"

Rimoti ina modi chungu nzima. Aliyeniuzia aliniambia niiache kwenye "5ch Stereo" kwa kuwa ndiyo sauti kamili, na kweli spika zote zinalia. Nikiweka "Straight", za nyuma na ya kati zinakuwa kimya kabisa. Nikiweka "Hall in Vienna", watu wanaongea kama wako ndani ya simtanki. TV imeungwa na risiva kwa HDMI kwenye tundu la ARC (linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva), na filamu naangalia kwa programu za ndani ya TV. Naombeni mnieleweshe hizi modi zinafanya nini, na ipi itamfaa baba.

waya_mwekundu
Dada, pole, na mzee mpe shikamoo yangu. Spika zako ni nzima.

"Straight" maana yake risiva inatoa kilekile ilicholetewa. Ikiletewa chaneli mbili za sauti (kushoto na kulia), zitalia mbili za mbele na sabufa, basi. Kwa hiyo huo ukimya unakwambia TV inatuma chaneli mbili tu, hata kama filamu yenyewe ina 5.1. Ingia menyu ya sauti ya TV, utafute sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka. Nadhani utaikuta kwenye "PCM", yaani TV inaifungua sauti yenyewe kabla ya kuituma, na kwa ARC, PCM hupita chaneli mbili tu. Ihamishie "Bitstream" au "Auto" (majina hutofautiana), ili risiva ndiyo iifungue. Kisha fungua filamu yenye alama ya 5.1, rudi "Straight", uangalie taarifa za sauti kwenye menyu ya risiva. Ukiona Dolby (mfumo wa sauti za filamu) na 3/2/0.1 umefika: tatu za mbele, mbili za nyuma, na hiyo 0.1 ni ya mlio mzito peke yake. Inaishia Hz 120, ndiyo maana haihesabiwi kuwa chaneli nzima.

Sasa la mzee. Kwenye filamu ya 5.1, maneno karibu yote hupangwa kwenye spika ya kati. "5ch Stereo" haijui maneno wala muziki, inachukua sauti ileile na kuimwaga kila kona. Inafaa sherehe, watu wakiwa wametapakaa sebuleni. Kwa filamu inaharibu. Sauti huchukua kama milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo neno moja linamfikia mara mbili tatu, kutoka pande tofauti, limechanganyika na muziki. Mwenye masikio mawili mazima anachambua. Mwenye moja anachoka.

Niambie mzee anakaa wapi. Hilo nalitaka kabla ya kitu kingine chochote.

pwani_stirio
Niongezee hapo kwenye "Hall in Vienna", maana watu wengi huiweka wakidhani wanaongeza ubora. Tangu 1986, ilipotoa mashine ya DSP-1, Yamaha imekuwa ikipima mwangwi wa kumbi za kweli na kuuiga ndani ya mashine. Ni kazi nzuri sana, lakini unamchukua msomaji wa taarifa ya habari na kumweka kwenye ukumbi wa muziki. Lazima maneno yaelee.

Muziki mimi nauacha "Direct" au stirio ya kawaida, hasa taarabu. Aliyerekodi ameshaamua fidla ikae wapi na mwimbaji akae wapi, sioni kwa nini niyavuruge.

Dada, king'amuzi nacho mara nyingi huleta chaneli mbili. Hapo bonyeza kitufe cha SUR. DECODE utafute modi ya Pro Logic II Movie (risiva mpya zina Dolby Surround). Inasikiliza kushoto na kulia: kilicho sawa pande zote mbili, kama sauti ya mtangazaji, inakipeleka spika ya kati, kinachotofautiana, kama kelele za uwanjani, kinakwenda nyuma. Na hiyo spika ya kati ipandishe hata desibeli 6.

waya_mwekundu
6 ni nyingi, sauti zitang'oka kwenye picha. Anza na 2.

sebule_ya_tanga
Asanteni sana. TV ilikuwa kwenye PCM kweli. Nimebadilisha, na filamu ya kwanza tu nikaona 3/2/0.1.

Baba anakaa kiti cha pembeni, kushoto. Nimepima kwa tepu ya fundi cherehani: spika ya nyuma ya kushoto iko mita 1.2 kutoka kichwani kwake, ya kati iko mita 3.4. Kwenye menyu zote zilikuwa zimeandikwa mita 3.

waya_mwekundu
Hapo ndipo penyewe. Risiva hutumia hivyo vipimo kuichelewesha spika ya karibu ili zote zifike pamoja. Andika namba za kweli, zote tano, kutoka kwenye kiti cha mzee, sio chako. Kisha ishushe hiyo ya nyuma kushoto desibeli 3 au 4. Na washa "Adaptive DRC": inasogeza mnong'ono na mlipuko vikaribiane, usikimbizane na rimoti usiku.

sebule_ya_tanga
Nimefanya yote, ya kati nimeishia desibeli 3. Jana tumemaliza filamu nzima, baba hajauliza hata mara moja. Taarifa ya habari nimeiweka Pro Logic II Movie, anasema mtangazaji amesogea karibu. Shida iliyobaki ni kwamba mimi nikiwa kazini hawezi kubadilisha kutoka king'amuzi kwenda filamu, menyu zinamchanganya.

waya_mwekundu
Kwenye rimoti una vitufe vinne vya SCENE, vya kuhifadhi mipangilio. Panga king'amuzi na modi yake, kisha shikilia cha kwanza sekunde kadhaa mpaka risiva ikubali. Filamu na "Straight", cha pili. Bandika kipande cha plasta kwenye hivyo viwili ili avitambue kwa kidole hata gizani.

sebule_ya_tanga
Plasta ninayo. Naenda kubandika sasa hivi.