Mpiga picha wa Idd kaniharibia picha ya Bibi, halafu ati watoto wangu "hawatulii"

Jamani wa Unguja, nitoe dukuduku langu maana linanikaba.

Mama mkwe wangu alikuja na boti kutoka Pemba kula sikukuu na wajukuu. Magoti yanamsumbua, si mtu wa safari. Nikasema tupige picha moja ya maana, itiwe fremu, aondoke nayo. Tukapatana na kijana elfu hamsini, ishirini nikampa mkononi. Forodhani, Idd Pili, saa kumi alasiri.

Saa kumi tupo. Kanzu zimepigwa pasi, hina ya Bibi imekolea mpaka nyeusi. Kijana hayupo. Kumi na nusu: "Nipo njiani dada." Mwenye watoto wanne anajua nusu saa ni nini. Wa miaka minne kataka urojo, mie nimekataa, baba yake kakubali (huyu naye ana uzi wake siku nyengine), ukamwagikia kifuani kwenye kanzu nyeupe. Mkubwa kaona vijana wanapiga makachu, wanajirusha baharini, keshavua viatu naye aruke. Wa kike kashika pesa zake za sikukuu hataki kuziweka, kila picha kakunja ngumi kama bondia. Kichanga, alhamdulillahi, kalala.

Kijana katokea saa kumi na mbili kasoro robo. Katupanga migongo baharini, jua linatua nyuma yetu. Mie si fundi, lakini hata mie najua jua likiwa nyuma ya mtu uso unatoka kama sufuria la kuni, labda uwashe flashi. Nikamwambia. "Dada, niachie kazi yangu."

Kapiga picha saba. Watu saba, picha saba! Kwa watoto unapiga mfululizo, hata mia, maana huyu akifumbua macho yule anafumba. Unachuchumaa ulingane na kimo chao, unawatania. Yeye kasimama wima kama trafiki: "Tulieni! Tulieni!" Kichanga kaamka kwa makelele yake, kalia mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Picha zimekuja siku ya 11, kwa WhatsApp, ukizikuza unaona vijiboksi tu. Hata kuzituma kama dokumenti hajui. Na ati "kazisafisha". Mwanangu kabandikwa kichwa cha picha nyengine, shingo hana. Doa la urojo lipo pale pale. Bibi kafutwa makunyanzi yote na hina yake juu, wifi yangu kauliza, "Huyu mgeni aliyekaa na watoto nani?" Halafu jina la kijana kwa maandishi makubwa, katikati ya picha, limempitia Bibi puani.

Bibi mwenyewe kesharudi Wete. Kila akipiga simu anauliza fremu.

Jana kijana kaniandikia: "Dada, thelathini yangu vipi? Watoto wako hawatulii, nimefanya kazi ya ziada." Ya ziada! Kazi yenyewe si ndiyo hiyo? Mtoto aliyetulia Idd Pili huyo mpelekeni hospitali.

Haya, nimlipe nisimlipe? Na anayemjua mpiga picha mwenye subira huko Wete aniambie, nitapanda mie boti na wanangu tukapige na Bibi barazani kwake. Kanzu nishaifua mara tatu, manjano bado haijatoka.